Viti vya Pweza Kwenye Kioo cha Dada

Kulikuwa na fundi wa lifti asiyepanda lifti. Jengo la ofisi alilolitunza lilikuwa refu, na kila asubuhi wafanyakazi wa humo walipishana naye ngazini, mkoba wa vyuma begani, jasho likimtiririka. "Fundi, kama mpishi hali chakula chake, sisi wageni tufanyeje?" walimtania. Alitabasamu, akaendelea kupanda. Kazi yake hakuitilia shaka. Alitilia shaka kila kitu kingine: mvua, waya za umeme, mlango uliofungwa kwa kishindo, simu iliyolia wakati usio wake. Wenzake wa karakana walimpachika jina la Kagua, kwa kuwa akishakagua alikagua tena, na akiwa ameshafika kituo cha basi alirudi kuhakikisha kwamba kweli alikagua.

Woga huo hakuzaliwa nao. Alipokuwa mtoto, mama yao alitoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, akiimba, na jioni akarudishwa amefunikwa shuka. Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na ajali, moyo ulisimama tu akiwa kwenye foleni ya maji. Kagua alikuwa akicheza gololi wakati huo. Tangu hapo aliamini kwamba mambo huharibika mtu akigeuza shingo.

Aliyemlea ni dada yake. Ndiye aliyemwogesha, aliyemchapa, aliyemfuta machozi baada ya kumchapa. Miaka mingi baadaye dada alifiwa na mumewe, wakaishia kukaa nyumba moja, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule; nani alimpokea nani, wenyewe hawakuwahi kukubaliana. Kagua hakuoa. Kila alipofikiria kuoa aliona mambo mengi mno ya kukagua.

Dada alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa alikaa kwenye maabara ndogo nyuma ya duka la dawa, ng'ambo ya barabara kubwa, akichonga nta, akipanga meno jino kwa jino, akiyasugua mpaka yang'ae. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko visu vyake. "Nusu ya mtaa huu wanacheka kwa jasho langu," alipenda kusema, "na hakuna hata mmoja anayenichekea mimi."

Tangi la samaki liliingia nyumbani kupitia kazi hiyo. Daktari mmoja wa meno, aliyemletea kazi nyingi, alikuwa na tangi kubwa la maji ya chumvi kwenye chumba cha kusubiria, ili wagonjwa watazame samaki wasisikie mashine ya kutoboa. Alipostaafu alimwambia dada alichukue. Katika watu wote waliopita pale, alisema, ni yeye peke yake aliyeuliza hali ya samaki kabla ya kuuliza hali ya daktari.

Kagua alikaribia kuugua. Maji mengi kiasi kile, juu ya vichwa vya watu wa chini, kando ya umeme! Alipima sakafu, akaunda meza ya chuma ambayo ingeweza kubeba gari, akafunga swichi ya kukata umeme, kisha akafunga nyingine ya kuilinda ile ya kwanza. Alipomaliza, dada aliizunguka meza ile, akaipiga kofi.

"Mdogo wangu," alisema, "siku dunia ikiisha, samaki hawa ndio watakaotoa taarifa."

Wakagawana kazi. Pampu, umeme na maji vikawa vya Kagua. Chakula na vioo vikawa vya dada. "Vioo usiviguse. Nitavisafisha mwenyewe Jumapili ukiwa kazini, nisisikie mtu ananipumulia shingoni." Na kweli Jumapili zote Kagua alikuwa kazini, kwa sababu mafundi wengine walikuwa na wake na watoto, naye alikuwa na lifti.

Lilikuwa tangi zuri. Ndani yake mlikuwa na mawe yaliyofunikwa matumbawe, moja la kijani lililofunguka kama kiganja taa zikiwaka, jingine la zambarau lenye vidole vyembamba. Mlikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao dada aliwaita Bwana na Bibi, na kisamaki cha buluu kilichokuwa na shughuli siku zote, akakiita Karani.

Halafu macho ya dada yakaanza. Mwanzo ulikuwa mlango wa kabati, ambao ulimgonga kwenye paji la uso naye akautukana. Kikafuata kikombe alichokisukuma mezani kana kwamba hakikuwepo. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula pembeni, polepole, bila maumivu, na mara nyingi mwenyewe hajui mpaka umekwenda mbali. Alimpa dawa ya matone na siku ya kurudi. Kagua alibaki kwenye korido, maana dada hakutaka aingie, na siku ya kurudi ilipofika dada alikwenda peke yake.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema niko salama kuliko wewe."

Hapo woga wote wa Kagua, ambao maisha yake yote ulikuwa umetawanyika juu ya waya na milango na mvua, ulikusanyika mahali pamoja. Ukakaa kwenye macho ya dada yake. Macho yale yakizimika, kazi yake ingekwisha, na Kagua hakuweza kumfikiria dada bila kazi, kama asivyoweza kumfikiria bila ulimi. Na ile barabara kubwa! Dada aliivuka asubuhi na jioni, haina taa wala mtu wa kuongoza magari.

Kilichompa usingizi ni jioni. Wakishakula, dada aliketi kwenye kigoda mbele ya tangi, uso karibu na kioo, akasimulia kama mtangazaji wa redio. "Bwana na Bibi wamegombana leo, kila mmoja na kona yake. Karani yuko pangoni anafunga ofisi. Tumbawe la kijani limeanza kukunja kiganja." Kagua, akiosha vyombo, alisikiliza huku mabega yakimshuka. Anaona. Anaona mpaka pangoni. Alikausha sahani akaenda kulala.

Mambo yakawa hivyo mpaka dada aliponunua jiwe jipya lenye tumbawe dogo la manjano.

Asubuhi moja, kabla taa za tangi hazijawaka, Kagua alikuwa anasikiliza pampu kwa sikio kama kawaida yake, akaona kidoa cheupe kwenye kioo cha mbele. Kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati. Alidhani ni tope. Alipokitazama tena baada ya kuvaa viatu, kilikuwa kimesogea.

Aliinama. Kilikuwa kiti cha pweza, kiumbe kile cha bahari chenye umbo la nyota, lakini kidogo ajabu, cha rangi ya majivu, na mikono yake haikulingana: mitatu mirefu, miwili mifupi kama vidole vya mtoto. Chini yake kilikuwepo kingine. Pembeni kingine. Aliwasha tochi yake ya kazini na kuimulika pembe ya tangi, na nywele za shingoni zikamsimama, kwa sababu pembe yote ilikuwa imepandwa nyota.

Mchana alipitia kwa mama muuza samaki wa mapambo, mwanamke mnene mwenye aproni ya mpira, aliyewauzia lile jiwe.

"Ah, hao!" alicheka. "Wamekuja na jiwe, hawajalipa nauli. Usiogope, wengi wao wanakula ule ukungu wa kwenye vioo tu. Wapo wachache wenye roho mbaya, hao wanalala juu ya tumbawe na kulitafuna. Ukimwona amekaa juu ya tumbawe, mtoe."

"Mbona wamekuwa wengi hivi?"

"Hawangoji kuoana, fundi. Mmoja anajipasua wawili, kila nusu inaota mikono yake. Ila usiwakate! Wapo wanaodhani wanawaua. Ukimkata umemsaidia kuzaa." Alimfungia mteja mwingine mfuko wa maji, kisha akauliza bila kumtazama, "Lakini dada yako mbona hakuja mwenyewe? Yule mtu alikuwa ananipigia simu hata konokono akigeuka mgongo. Kwani hajawaona? Si wamejaa kioo kizima?"

Kagua aliaga haraka, akatoka.

Jioni ile hakuosha vyombo. Alivuta kiti akakaa nyuma ya dada, begani kwake. Kwenye kioo, mbele kabisa ya uso wake, mahali ambapo pumzi yake iliacha ukungu, vilikuwa vimejibandika viti vya pweza vitatu, kimoja kikubwa na viwili vidogo. Kingine kilikuwa kinapanda taratibu kuelekea usawa wa jicho lake la kushoto.

"Haya," alisema Kagua. "Tangaza."

"Leo umekuja mwenyewe studio? Sawa. Bwana na Bibi wamepatana. Karani yuko pangoni. Tumbawe la kijani linakunja kiganja." Alinyoosha shingo, akatabasamu kwa fahari. "Na kioo kimetakata, nakuambia. Kama hakipo."

Kagua alicheka, kwa sababu ilimbidi afanye kitu. Kisha akatazama pangoni. Karani hakuwamo. Alikuwa upande wa pili kabisa, nyuma ya bomba, akihangaika na kipande cha chakula.

Mtu mwingine angesema neno palepale. Kagua alikuwa ameogopa maisha yake yote na alijua namna moja tu ya kuogopa: kukizuia kitu kisitokee. Akilala macho wazi alijenga hesabu yake. Dada hajasema kitu kuhusu viti vya pweza. Kama vipo na hasemi, basi haoni. Kama havipo, basi ukimya wake ni ukimya wa kawaida, wa mtu asiye na cha kusema. Kwa hiyo visiwepo.

Alianza asubuhi iliyofuata. Alikunja mikono ya shati, akachukua kibano kirefu cha kuokotea skrubu, na kabla dada hajaamka alivichomoa kimoja kimoja kwenye kioo na kuvitia kwenye kopo la maji ya chumvi. Vilishika kioo kwa nguvu isiyolingana na udogo wao. Vilipoachia alihisi mtetemo mdogo kwenye kibano, kama kitu kilichosema hapana. Kopo alilipeleka kwa mama muuza samaki, ambaye alikuwa na kamba mmoja mwenye madoadoa, mrembo kama amevaa kwenda harusini, asiyekula kitu kingine duniani ila nyama ya viti vya pweza.

"Kamba wangu anakusalimia," mama yule alimwambia kila alipofika. "Anasema umekuwa mkwe."

Kagua hakuwa na nguvu za kucheka. Alikonda. Kazini alikagua mara nne alichokuwa akikikagua mara mbili, na mwenzake wa zamu, mtu mpole, akamwambia aende hospitali. Ila si yeye aliyetakiwa hospitali.

Na havikuisha. Katikati ya wiki alifanikiwa kuvipunguza mpaka kioo cha mbele kikabaki kitupu, na jioni alimsikiliza dada akitangaza, akajidanganya kidogo, akala vizuri. Ikija Jumatatu vimerudi, vingi kuliko mwanzo, na sasa vilikuwa vya ajabu: vyenye mkono mmoja mrefu na vichipukizi viwili, vyenye mikono miwili tu, nusu nusu, kama vitu vilivyochanwa. Kimoja kilikuwa kimelala juu ya tumbawe dogo la manjano, na kilipoondolewa kiliacha doa jeupe tupu kama mfupa.

Kwa lifti angejua la kufanya. Hitilafu ikijirudia, fundi huuliza: inakuja baada ya nini? Kagua alijiuliza hivyo akiwa amesimama ngazini na mkoba wake, na jibu likamshika pumzi. Inakuja baada ya Jumapili.

Jumapili iliyofuata alitoka nyumbani kama kawaida, akafika kazini, akamwomba mwenzake amshikie zamu. Akarudi. Alipanda ngazi zao, akafungua mlango, akaita, "Dada!" Pampu zilikuwa zinanguruma na redio ya jirani inaimba, hakuitikiwa. Akaingia mpaka sebuleni.

Dada alikuwa amesimama mbele ya tangi, mkono wa kulia umezama mpaka kwenye kwapa, wembe wa kusafishia katikati ya vidole. Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa chumbani. Kagua alisimama upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha kuweza kumgusa bega. Alingoja ageuke.

Hakugeuka.

Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini huku kidole chake cha shahada kikitembea juu ya kioo, polepole, kama mtu anayesoma kwa kupapasa. Kidole kilifika kwenye kiti cha pweza, kikasimama. Kikakizunguka. "Chokaa," alinung'unika. "Chokaa, chokaa, chokaa hii imenichosha." Akaweka wembe pembeni ya kidole, akakwangua. Kiti cha pweza kilikatika katikati. Nusu mbili zilizama zikizunguka, moja ikaangukia mchangani, nyingine juu ya jiwe. Kidole kikaendelea. Kikapata kingine. Kwenye kidole hicho palikuwa na plasta, na juu ya ile plasta palikuwa na nyingine. Alikuwa amemwambia Kagua kuwa ni kisu cha nta.

Kagua aliona vipande vikishuka, viwili viwili, kila kimoja kikienda kuota mikono yake. Dada yake alikuwa akivipanda kwa mkono wake mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, huku yeye akivichuma asubuhi kwa kibano. Lakini hilo halikumtisha kama hili jingine: kwamba alikuwa amesimama kwenye mwanga mweupe, mtu mzima, na kwa dada yake hayupo.

"Dada."

Wembe ulimponyoka. Alirudi nyuma, maji yakamwagika kifuani.

"Mungu wangu! Unataka kuniua? Umeingia saa hizi?"

"Nimesimama hapa muda."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Kushoto kwako."

Aligeuza uso wote, si macho tu, akamtafuta, akampita, akarudi, akampata. Kagua aliyaona hayo yote.

"Hiyo si chokaa, dada," alisema.

"Ni nini basi?"

"Viti vya pweza. Vidogo. Vimejaa kioo chote tangu uliponunua jiwe la manjano."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kiwiko chake mpaka sakafuni.

"Na wewe ulikuwa unaviona."

"Nilikuwa naviona."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Mh! Hiyo nayo ni habari mpya." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. Alipapasa nyuma yake akapata kigoda, akaketi. "Basi sikiliza. Hata mimi niliogopa. Nilikuogopa wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Nimekulea, nakujua. Ukipata habari tu utanining'inizia kibao: mashine mbovu, usiguse. Utanitoa kazini. Utanishika mkono mpaka chooni. Ungenizima kama unavyozima lifti, Kagua, kisha ungekaa mlangoni kulinda mtu asije akaniwasha."

Kagua hakuweza kukana. Wiki hiyohiyo alikuwa ameshapima ukuta wa korido, akifikiria bomba la kushikilia.

"Ile mara ya pili. Daktari alisemaje kweli?"

"Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikaona vipofu wameketi na fimbo zao nyeupe. Nikarudi."

"Na matone?"

"Natia. Mara nyingine yanaingia sikioni, lakini natia."

"Na jioni? Bwana na Bibi? Karani?"

"Samaki wana mazoea kuliko watu wazima. Ningekutangazia tangi lile hata nikiwa nimelala chumbani." Akainua mikono yake yenye plasta, akaisogeza karibu na jicho la kulia, akaitazama. "La kushoto limekwisha kuniacha. Hili nachungulia kama kwenye tundu la ufunguo, na mtu kapuliza mvuke. Meno nayapanga kwa vidole. Wiki iliyopita bibi mmoja alirudisha ya kwake, akasema yanamtazama pembeni. Nikamwambia ni mdomo wake."

Walicheka wote wawili, vibaya, kama watu wanaokohoa. Kisha Kagua alipiga magoti kufuta maji sakafuni, na alipoinamisha kichwa alilia, na kwa mara ya kwanza alishukuru kwamba dada yake hakumwona. Lakini mkono wa dada ulishuka ukakuta kichwa chake bila kutafuta.

"Utaniacha nivuke barabara?" aliuliza.

Alitaka kusema hapana.

"Twende kwanza kwa daktari," alisema.

Safari hii Kagua aliingia ndani. Chumba cha vipimo kilikuwa na giza, na ndani yake mashine kama bakuli kubwa jeupe lililolazwa ubavu. Binti wa vipimo alimkalisha dada, akamfunika jicho la kushoto, akamweka kidevu mahali pake na kumpa kitufe. "Mama, tazama katikati tu. Utaona vinuru vidogo, hapa na pale. Ukikiona, bonyeza. Usivitafute."

"Na wewe fundi," dada alisema kutoka ndani ya bakuli, "usibonyeze kwa niaba yangu."

Kagua aliketi ukutani. Vile vinuru hakuviona, vilikuwa ndani kwa dada. Lakini mashine ilikuwa mashine, na alikuwa na masikio. Kabla ya kila nuru ilitoa mlio mdogo wa kugeuka, kama shingo ya ndege. Mlio, kisha kitufe: tik. Mlio, tik. Mlio, tik. Alianza kupumua. Kisha mlio, na kimya. Mlio, kimya. Alikaza ngumi juu ya magoti. Mlio, kimya. Mlio, kimya, mlio, kimya, na ndani ya giza lile alifahamu kwamba kila mara mashine ile ilikuwa inamwonyesha dada yake kitu, kweupe kabisa, na hajui kama kimepita. Alitamani kupiga kelele: hapo! hapo! Aliuma mdomo. Mlio. Tik. Mungu amjalie. Mlio. Kimya.

Taa zilipowashwa dada alijisugua kidevu, akageuza uso wote mpaka akampata.

"Nimekosa vingi?"

Binti wa vipimo alifungua mdomo kusema matokeo ni ya daktari. Kagua alimtangulia.

"Vingi, dada."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Ahsante," alisema.

Daktari hakuzunguka. Kilichopotea hakirudi, alisema. Kilichobaki kinaweza kushikiliwa, lakini si kwa matone peke yake tena. Jicho la kulia linahitaji upasuaji, tena mapema. Kazi? Kwa mwanga mzuri na kioo cha kukuza, huenda. Hakuahidi.

"Na upasuaji ukiharibika?" Kagua aliuliza.

"Huweza kuharibika," alisema daktari.

"Na tusipofanya?" aliuliza dada.

"Hapo hakuna swali, mama. Litazimika."

Kagua alishika ukingo wa kiti. Yale mawili yalikuwa mbele yake kama milango miwili iliyo wazi bila lifti ndani, na fundi mzima hakuwa na chombo cha kupimia. Dada hakumngoja. "Nipangie siku," alisema. "Ya karibu. Huyu akipewa nafasi ya kufikiri atakuja kukagua visu vyako."

Nje jua lilikuwa kali na barabara imejaa. Kagua alinyoosha mkono kumshika. Dada aliusukuma.

"Hapana. Usinishike. Mimi ndiye nitakayekushika wewe." Akapapasa, akapata kiwiko chake, akakishika juu kidogo, vidole vyake vya plasta vikiwa vikavu na imara. "Unatetemeka."

"Natetemeka."

"Haya, tetemeka lakini uangalie. Niambie."

Walisimama ukingoni mwa lami. Lori lilipita, upepo wake ukawavuta nguo.

"Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, kuna pikipiki."

"Mdogo wangu, hili jicho litanizimikia hapahapa."

Kagua alitazama kulia. Alitazama kushoto, akarudi kulia. Barabara ilikuwa tupu, na hakuiamini. Alitazama kushoto tena. Moyo ulimpiga mpaka kooni, na bila shaka dada aliusikia kwenye kiwiko, lakini hakuvuta wala hakusukuma. Alingoja tu, uso mbele, akitegemea neno moja kutoka kwa mtu mwoga kuliko wote aliowafahamu.

"Sasa," alisema Kagua, wakashuka barabarani.